Salom, kona ya 12 na ule ukuta

Tarehe 3 Juni 2016 ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa kwenye MotoGP, mashindano ya dunia ya mbio za pikipiki, ni siku ya mazoezi tu, hakuna kombe hakuna pointi, mtu unafungua taimingi, zile namba za muda wa kila dereva, kwenye simu huku unaendelea na kazi zako. Mazoezi ya pili ya Moto2, daraja lililo chini ya MotoGP yenyewe, kwenye treki ya Montmeló, nje kidogo ya Barcelona, yakasimamishwa kwa bendera nyekundu. Mi nikadhani ni mafuta yamemwagika barabarani, maana hiyo ndo sababu ya kawaida, nikaiweka simu pembeni. Baadae naiangalia tena, kimya. Namba zote zimesimama. Mtandaoni watu wanaulizana nani kaanguka, mmoja anasema namba 39, mwingine anasema hapana, alafu likatoka tangazo kwamba Luis Salom amefanyiwa upasuaji hospitali na amefariki saa 10 na dakika 55 jioni kwa saa za Hispania, huku kwetu ikiwa saa 12 kasoro dakika 5. Miaka 24.

Najua kuna wanaosoma hapa wanajiuliza kijana wa Mallorca kaanguka na pikipiki huko Ulaya, we inakuhusu nini, una undugu nae? Sina. Ila ukimfuatilia mtu miaka saba kila wikiendi, unajua anavyokaa kwenye siti, unajua akiwa na hasira anavyopita, unajua jina la timu yake kabla hujajua jina la jirani yako mpya, hicho nacho ni kitu. Watu wanalia kwa sababu ya timu ya mpira, mi mniache na msiba wangu.

Kwa wasiomjua, Salom alizaliwa Palma tarehe 7 Agosti 1991, kisiwa kile kile alichotoka Jorge Lorenzo aliyekuwa bingwa wa MotoGP, na uwanja wa Montmeló wenyewe ulifunguliwa Septemba mwaka huo huo, yaani yeye na ile treki walikuwa rika. Washkaji zake walimwita Mexicano. Hakuwa mtoto wa maajabu aliyebebwa na kila mtu toka utotoni, alikuwa mtu wa kupanda ngazi moja moja, 125cc kwanza, alafu Moto3, daraja la chini ya Moto2 lililochukua nafasi ya 125cc, ilipoanza 2012 akamaliza wa pili nyuma ya Sandro Cortese. 2013 akaenda timu ya Aki Ajo na pikipiki za KTM na huo ndo ukawa mwaka wake. Alishinda mbio saba: Qatar, Mugello, Catalunya, Assen, Brno, Silverstone, Sepang. Hiyo Catalunya ni pale pale Montmeló, alipanda juu ya podiamu mita mia kadhaa tu kutoka kwenye kona iliyokuja kumuua.

Mbio za mwisho mwaka ule Valencia mimi sitakaa nizisahau. Wahispania watatu, Salom pointi 300, Maverick Viñales 298, Alex Rins 295, kati yao atakayeshinda mbio ndo bingwa wa dunia, hakuna hesabu ngumu. Salom akawa anaongoza, akaanguka. Akainyanyua pikipiki, akapanda, akamaliza wa 14. Ubingwa akachukua Viñales. Dogo alilia pale na hakujificha, nami kwa kweli nilikuwa upande wake toka siku hiyo, maana mshindi kila mtu anampenda, ila mtu aliyeanguka akiwa mbele akarudi kupigania pointi mbili za mwisho huyo ndo unamshika moyoni. Moto2 ilimpa shida kidogo, 2014 na 2015 akiwa na timu ya Pons matokeo yalikuwa ya kupanda na kushuka, 2016 akahamia timu ya SAG na mbio ya kwanza kabisa Qatar akamaliza wa pili. Nikasema haya, huu mwaka sasa. Miezi mitatu mbele ndo hiyo Juni.

Kilichotokea ni hiki. Kona ya 12 ni ya kulia, ndefu, iko kwenye ile sehemu ya mwisho ya treki inayozungukwa na majukwaa ya watazamaji. Timu yake ilikaa na data za pikipiki na ripoti yao ikasema mzunguko ule aliingia kwa mstari tofauti kidogo na mizunguko ya nyuma, akawa bado ameshika breki ya mbele wakati anapita kwenye tuta dogo la lami. Tairi la mbele likamkimbia. Hiyo peke yake ni ajali ya kawaida sana, kwenye msimu mmoja zinatokea mamia, mtu analala chini, anateleza, anasimama, anapiga teke kokoto kwa hasira, anarudi garage kwa skuta. Tatizo ni kwamba pale hakukuwa na kokoto, zile zinazomwagwa pembeni ya kona kumpunguza mwendo anayetoka nje. Nje ya kona ile kulikuwa na lami, na mwisho wa lami kulikuwa na ukuta uliowekewa uzio wa hewa, yaani mito mikubwa iliyojazwa hewa. Pikipiki ikateleza ikaenda kupiga kwenye uzio, Salom akaja nyuma yake kwa mstari ule ule, mwendo karibu ule ule, akaipiga pikipiki.

Hapo nataka tukae kidogo maana watu wengi wanapita juu juu.

Ukiwa kwenye kilomita 150 kwa saa unasafiri karibu mita 42 kila sekunde. Sasa fikiria umelala chini, suti ya ngozi inateleza juu ya lami, huna breki, huna tairi, huna chochote cha kukusimamisha zaidi ya ngozi ya ng'ombe na mgongo wako. Pikipiki nayo imelala ubavu, matairi yako hewani, kinachogusa chini ni chuma na plastiki, inateleza kama sahani kwenye meza. Lami ile pana mnayoiona pembeni ya kona, iliyopakwa rangi nzuri za bluu na nyekundu, ilitengenezwa kwa ajili ya gari. Gari likitoka nje bado limesimama kwa matairi manne, dereva anakanyaga breki, anageuza usukani, anarudi zake barabarani hata bodi halijachubuka. Kwa gari ni kitu kizuri sana sikatai. Kokoto kwa gari ni hatari maana linaweza kupinduka, na wale matajiri wanaokodi treki siku za katikati ya wiki na magari yao ya bei mbaya hawataki kokoto ziwapige chini ya gari. Na treki inaishi kwa hela za hao, mbio za pikipiki zinakuja wikiendi moja kwa mwaka. Kwa hiyo miaka ile sehemu nyingi kokoto ziliondolewa ikamwagwa lami, shirikisho la magari wakafurahi, watu wa pikipiki nao wakakubali kwa sababu na wao kuna mahali lami inawasaidia, ukikosea breki ukaenda moja kwa moja bila kuanguka unapata nafasi ya kujirekebisha.

Ukianguka ndo shida. Kokoto zinaumiza, zinakugeuza geuza kama nguo kwenye mashine, mtu anavunjika mtulinga, anavunjika kidole, lakini zinakula mwendo. Na kitu kingine ambacho mimi nakiona ni kikubwa zaidi, zinawatenganisha mtu na pikipiki yake, chuma kinajichimbia kinaruka huku, mtu anabingirika kule. Kwenye lami mnakwenda pamoja kama treni, wa mbele akisimama wa nyuma anamvaa. Ule uzio wa hewa ulifanya kazi yake, ulisimamisha pikipiki. Ndo hivo.

Sasa ulizeni, kwanini kokoto hazikuwepo pale? Jibu lililotoka baada ya msiba, kwa madereva wenyewe na kwa watu wa usalama, lilikuwa karibu moja kwa wote: ile kona haikuwa kwenye orodha ya kona zinazoogopwa. Watu hawakuwa wanaanguka pale, na wakianguka hawakuwa wanaanguka vile. Kila Ijumaa jioni kuna kikao cha madereva wa MotoGP na viongozi, Tume ya Usalama wanaiita, ilianzishwa 2003, wanapitia treki kona kwa kona, na hii kona hakuna aliyeinyooshea kidole. Siwalaumu kama watu. Madereva wale wanajua kuliko mimi nitakavyowahi kujua. Lakini ona hiyo hesabu ilivyo. Mahali panahesabiwa ni salama kwa sababu hakuna aliyekufa hapo bado, kwa hiyo ili paonekane ni hatari inabidi afe mtu, na huyo mtu ana jina, ana mama yake, ana namba ya pikipiki.

Kitu kilichoniuma mpaka leo ni kilichofuata usiku ule. Treki ilibadilishwa. Usiku mmoja! Jumamosi asubuhi pikipiki zilikuwa zinapita kwenye mchoro wa treki wa magari ya Formula 1, kona ya 10 iliyokunjwa kama pini, kali zaidi, na ile chikeni ya mwisho, yaani vikona vya kupinda haraka vya kupunguza mwendo, mwendo ukashuka pale Salom alipoangukia. Mchoro ulikuwepo miaka yote, lami yake ilikuwepo, magari yalikuwa yanaupita kila mwaka mwezi wa tano, ilikuwa ni kuchora mistari na kupanga vizuizi. Kama kinawezekana kwa usiku mmoja, Ijumaa hadi Jumamosi, watu wakiwa wamechoka na wanalia, basi kilikuwa kinawezekana Januari watu wakiwa wanakunywa kahawa. Na kwa sababu kilifanyika kwa haraka nacho kikaja na matatizo yake, kuna madereva wakubwa hawakuwepo kwenye kikao cha ile Ijumaa na Jumamosi wakaanza kunung'unika kwamba mchoro mpya unawafaa wengine zaidi, na Jumapili kwenye hiyo kona ya 10 mpya Andrea Iannone akaja kwa nyuma akambeba Lorenzo wote wakaanguka.

Walikimbia, ndio. Familia na timu walitaka mbio ziendelee, na hapo mimi sina la kusema, wenye msiba wakishasema wamesema. Navarro akashinda Moto3, ushindi wake wa kwanza. Moto2 akashinda Zarco, Rins wa pili, yule yule Rins wa Valencia. MotoGP Valentino Rossi akamfunga Marc Márquez baada ya vita moja nzuri ajabu, alafu pale chini baada ya mbio wakapeana mkono, watu waliokuwa hawasemeshani toka ugomvi wao wa kugongana kwenye mbio za Sepang, Malaysia, 2015. Kila mtu akaandika kuhusu ule mkono, kwamba Salom amewapatanisha. Mimi nao uligusa moyo wangu, sidanganyi, ila siku mbili tatu baadae nikaanza kukereka. Maana ghafla habari ikawa ni mkono. Msiba ukapata mwisho mzuri wa sinema na lami ya kona ya 12 ikasahaulika kwenye vichwa vya habari.

Na lile neno. Mnalijua. Kila akifa dereva linakuja: "Amefariki akifanya kitu anachokipenda." Wanasema watangazaji, wanasema mashabiki, wanaandika kwenye picha na mishumaa. Jamani. Salom alipenda pikipiki, alipenda kulaza kwenye kona mpaka kiwiko kinagusa chini, alipenda kushinda. Hakuna mtu anayependa ukuta. Huku kwetu msibani tuna ya kwetu, siku yake ilikuwa imefika, kazi ya Mungu haina makosa, na mimi ni muumini, nitaitika amina kama kila mtu. Kazi ya Mungu haina makosa, ila kazi ya mkandarasi inayo, na ile ya mkaguzi aliyepita akagonga muhuri inayo pia, na tukizichanganya hizo kazi mbili tunamsingizia Mungu lami.

Kuna mtu ataniambia mbona unataka mchezo usiwe na hatari, basi wacheze drafti. Hapana, najua kuna vifo ambavyo hakuna ukuta wala kokoto ingevizuia. Marco Simoncelli, Sepang, 23 Oktoba 2011, naye miaka 24, mzunguko wa pili tu, tairi lilipoteza mshiko alafu ghafla likashika tena likamrudisha katikati ya barabara mbele ya Colin Edwards na Rossi. Rossi, rafiki yake wa karibu kabisa. Pale ungejaza kokoto Malaysia nzima isingesaidia. Shoya Tomizawa, Misano 2010, miaka 19, aligongwa na waliokuwa nyuma yake. Jason Dupasquier, Mugello 2021, miaka 19 pia, vile vile. Hicho ni kitu ambacho kila anayevaa helmeti anakijua na anakikubali, ukianguka mbele ya kundi umeanguka mbele ya kundi. Ingawa hata humo kuna maswali yake, Tomizawa aliondolewa pembeni haraka haraka bila bendera nyekundu, waliombeba machela wakajikwaa wakamwangusha kwenye kokoto, dunia nzima ikaona, na huo ulikuwa ni mpangilio wa watu, haukuwa ajali ya pikipiki. Dupasquier alifariki Jumapili na mbio za MotoGP zikakimbizwa siku ile ile, Bagnaia, mmoja wa madereva wa MotoGP, alisema wazi kwamba hawakutakiwa kukimbia. Nilimheshimu zaidi toka hapo.

Ninachokisema mimi ni vile vifo vya aina ya pili. Daijiro Kato, bingwa wa daraja la 250cc mwaka 2001, Suzuka, Japani, tarehe 6 Aprili 2003. Akatoka nje karibu na chikeni ya mwisho, na Suzuka kwenye ile sehemu ukuta uko karibu kiasi kwamba ukitoka tayari umefika. Alikaa wiki mbili hajitambui, akafariki tarehe 20. Miaka 26. MotoGP haijarudi Suzuka toka siku hiyo mpaka leo, na Tume ya Usalama niliyoitaja pale juu ilizaliwa kwenye msiba huo. Kwa hiyo kikao chenyewe ni kumbukumbu ya marehemu, kila Ijumaa wanakaa kwa sababu ya Kato, alafu miaka 13 baadae Ijumaa hiyo hiyo wanakaa kwa sababu ya Salom.

Msifikiri hawawezi kujifunza kabla ya msiba. Wanaweza, tumeona. Agosti 16, 2020, Red Bull Ring, Austria, Zarco na Morbidelli wakagongana kwenye ile barabara ya kupanda kwenda kona ya 3, pikipiki mbili zikaruka zenyewe bila watu zikakatiza mbele ya Rossi na Viñales. Kama hujaiona ile video tafuta, moja inapita mbele ya helmeti ya Rossi kama kivuli, yaani ni nusu sekunde na sentimita. Hakufa mtu. Na hata hivo wiki iliyofuata kizuizi cha pale kilikuwa kimerefushwa, na 2022 wakaweka chikeni nzima kwenye ile barabara ili mwendo upungue. Wengine walilalamika kwamba treki imeharibiwa ladha, sawa, ladha imepungua, ila Rossi alistaafu akiwa mzima akaenda kuendesha magari. Hiyo ndo kazi ninayoizungumzia. Walichukulia kunusurika kama kifo, wakachimba, wakajenga.

Wiki moja baada ya ajali ile ya Zarco na Morbidelli, treki ile ile, Viñales breki zikamwisha kwenye kona ya kwanza, akajirusha mwenyewe kutoka kwenye pikipiki kwa mwendo wa zaidi ya 200, pikipiki ikaenda kupasua uzio wa hewa na kuwaka moto. Yeye akabaki anabingirika huko nyuma, mzima. Mi nilipoona akili ilienda moja kwa moja kwa Salom. Tofauti ya hawa wawili, waliogombea ubingwa mmoja Valencia 2013, ni kwamba mmoja aliachana na pikipiki kwa hiari yake na mwingine lami haikumpa nafasi hiyo.

Na Viñales mwenyewe hakumaliza hapo. Septemba 25, 2021, Jerez, binamu yake Dean Berta Viñales alifariki kwenye mbio za Supersport 300. Alikuwa na miaka 15, akiendesha kwenye timu ya baba yake Maverick. Miezi miwili nyuma, Aragón, alikuwa amekufa Hugo Millán, miaka 14. Miaka 14, wadau, hajui hata kunyoa. Maverick hakukimbia mbio zilizofuata Marekani, akabaki na familia, na hakuna mtu mwenye akili aliyemuuliza. Baada ya misiba ile ndo wakapandisha umri wa kuingia mashindano ya dunia mpaka miaka 18 kuanzia 2023, wakapunguza na idadi ya watoto wanaojazana kwenye gridi moja. Vizuri. Ila hesabu ni ile ile mnaiona, watoto hawakuongezeka kuwa watoto mwaka 2021, walikuwa watoto hata 2019.

Montmeló je? 2017 walikuja na chikeni mpya mahali pengine kidogo, madereva wakaijaribu Ijumaa wakasema hii ni mbovu ina mawimbi, jioni ikafutwa wakarudi kwenye ile ya 2016. Tena usiku mmoja! 2018 ndo wakafanya kazi ya kweli, lami mpya treki nzima, jukwaa lililokuwa limebana ile sehemu likaondolewa, eneo la kuponea likapanuliwa, na pikipiki zikarudi kwenye mchoro wa zamani. Leo ukipita pale kwenye video za kamera ya pikipiki utaona ilivyo wazi, kuna nafasi, kuna kokoto. Mtu akianguka vile vile alivyoanguka Salom leo, atapiga teke kokoto kwa hasira na kurudi kwa skuta. Mwaka huo huo 2018 eabegi ndani ya suti ikawa lazima kwa madereva wa madaraja yote matatu, ile mashine inayopima mwenyewe kwamba unaanguka ikajaza hewa mabegani na kifuani kabla hujagusa chini. Kabla ya hapo kulikuwa na wanaovaa na wasiovaa, utadhani ni mapambo.

Kuna kitu kimoja ningebadilisha kama ningekuwa na mtu wa kunisikiliza huko. Kile kikao cha Ijumaa ni cha madereva wa MotoGP, wale wakubwa, wenye mikataba na majina. Moto2 na Moto3 wanakimbia treki ile ile lakini kwa mistari tofauti, mwendo tofauti kwenye kona, breki za namna nyingine, na wanaanguka sehemu ambazo wakubwa hawaangukii. Salom alikuwa wa Moto2. Dupasquier wa Moto3. Tomizawa wa Moto2. Dogo wa miaka 18 hana ubavu wa kumwambia mwenye treki kwamba kona yako inanitisha, anaogopa kuonekana mwoga, timu itamtoa kuna wengine 50 wanasubiri. Wapeni viti. Hata viwili tu, wazungumzaji wao, na wawe na haki ya kukataa. Na kila treki itoe ripoti ya walioanguka msimu mzima, wameteleza mpaka wapi, wamesimama mita ngapi kabla ya ukuta. Data zipo, kila pikipiki ina kompyuta na kila kona ina kamera. Ukijua kuna mtu aliishia mita tatu kabla ya ukuta na akasimama akacheka, huyo ndo wa kumfuata na kipimo.

Nasema hivi kwa sababu treki mpya zinaendelea kuja na macho yangu siku hizi yameharibika, siangalii tena nani anaongoza kwenye mzunguko wa kwanza, naangalia nyuma yao kuna nini. Agosti 2025 tulienda Balaton Park, Hungaria, treki nyembamba ya kupinda pinda, kuta ziko karibu, na wikiendi ile pikipiki ya Pedro Acosta iliruka juu ya uzio wa matairi ikamkosakosa mpiga picha wa TV aliyekuwa kazini kwake. Acosta alisimama mzima, mpiga picha mzima, watu wakarusha video wakacheka, kesho yake tukaendelea. Hungaria ipo tena kwenye kalenda ya 2026. Mimi kitu cha kwanza nitakachotafuta Ijumaa ile, kabla ya taimingi, ni picha ya ule uzio, nione kama kuna mtu ameuongeza urefu.